Setilaiti ndogo uisajili wapi? Marekani, New Zealand, Uingereza, India, au ubaki zako Nairobi

Juzi dada mmoja niliyewahi kumsaidia makaratasi ya mradi wa chuo alinitumia voisi ya dakika sita, nusu yake kelele za matatu. "Kaka, tumepata hela ya kutengeneza ile setilaiti yetu, boksi tatu zimeungana, kamera ya kuangalia mashamba. Sasa mwekezaji anasema tusajili kampuni Delaware kule Marekani, jamaa mwingine anasema London kuna ruzuku, mzee wa timu hataki kusikia, anasema tubaki hapa hapa. Wewe waonaje?"

Nikamjibu kwa ufupi, alafu nikakumbuka hili swali nishaulizwa mara nyingi mpaka majibu nayakopi tu na kuyabandika, kwa hiyo bora niandike lote mahali pamoja, anayetaka asome.

Kwanza tuondoe kitu kimoja. Watu wengi wakilinganisha nchi wanaanza na bei ya roketi, na bei ya roketi haihusiani kabisa na wapi umesajiliwa. Falcon 9, roketi ya SpaceX ya Marekani, itakubeba ukiwa wa Nairobi, ukiwa wa Luxembourg, nauli ni ile ile. Unapochagua nchi unachagua serikali gani itakuwa mzazi wa hiyo setilaiti. Mkataba wa anga za juu wa 1967, kifungu cha 6, unasema nchi inawajibika kwa yale wanayoyafanya watu wake angani hata kama ni kampuni binafsi, tena lazima iwape idhini na iendelee kuwasimamia. Ukaja mwingine wa 1972 kuhusu dhima: chombo kikianguka ardhini kikaumiza mtu au kuharibu mali, nchi iliyorusha inalipa, hakuna cha kubishana kosa la nani. Na "nchi iliyorusha" sio ile yenye jukwaa la roketi peke yake, hata ile iliyonunua safari imo.

Sasa hapo ndo utamu. Kila serikali inajikuta na kazi mbili zinazogombana. Inataka biashara ikue, maana kuna kodi, ajira na sifa, na wakati huo huo inataka biashara isije ikamletea bili ya mtu aliyeangukiwa. Mlezi na mkaguzi. Kuna nchi kazi zote mbili kapewa mtu mmoja, kuna nchi wamegawa. Mimi nikishauri mtu naangalia hapo kwanza, kabla ya kodi na kabla ya ruzuku, na nitakwambia kwanini tukiendelea.

MAREKANI

Huku ndo kwenye historia ndefu na mafaili mengi. Mwaka 1982 kampuni moja ya Texas, Space Services, ilitaka kurusha kiroketi chake cha Conestoga kutoka kisiwa cha Matagorda. Hakukuwa na ofisi ya kuomba ruhusa. Ikazungushwa kila mahali, mpaka ikabidi ichukue kibali cha kusafirisha silaha nje ya nchi, yaani roketi ikipanda juu ilihesabiwa kama mzigo unaotoka Marekani kwenda nje. Cheka ila ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili baadaye, 1984, serikali ya Reagan ikaleta sheria ya urushaji wa kibiashara na ofisi maalum ndani ya wizara ya uchukuzi, na sheria ikaiambia hiyo ofisi ifanye mambo mawili: itoe leseni na isimamie usalama, na pia ihimize, irahisishe na ikuze biashara yenyewe. Mwaka 1995 ofisi ikahamishiwa FAA, wale wale wa ndege.

Sasa sikiliza hii maana wengi hawaijui. FAA nayo kwa upande wa ndege ilikuwa na kazi zile zile mbili, kukagua na kukuza. Mei 1996 ndege ya ValuJet ikaanguka kwenye vinamasi vya Florida, watu 110 wakafa, kelele zikawa kubwa kwamba mkaguzi gani huyu anapiga debe la anaowakagua, Bunge likaifuta kazi ya kukuza usafiri wa ndege mwaka huo huo. Lakini ofisi ya roketi ndo kwanza ilikuwa imehamia mwaka mmoja nyuma, na yake haikuguswa. Mpaka leo. Kwa hiyo jengo moja, ghorofa tofauti, huku mkaguzi tu, kule mkaguzi na mpiga debe. Wakaguzi wa hesabu wa Bunge lao, GAO, walishasema mapema tu, 2006, kwamba hapa kuna uwezekano wa mgongano.

Je, mgongano umeonekana? Inategemea unamuuliza nani. Roketi ya Starship ya SpaceX ilipolipuka Aprili 2023 FAA ilifunga uchunguzi na orodha ya marekebisho 63 ambayo SpaceX ilitakiwa kuyafanya, na Septemba 2024 ikapendekeza faini ya dola 633,009 kwa kampuni hiyo hiyo kwa kukiuka masharti ya leseni. Huyo sio mlezi mlegevu. Upande wa pili, tangu 2004 sheria inaikataza FAA kuweka kanuni za kulinda abiria wenyewe wa roketi mpaka kwanza kuwe na kifo, jeraha kubwa au ponea chupuchupu, abiria anasaini tu kwamba ameelezwa hatari. Huo muda ulikuwa uishe 2012, ukasogezwa, ukasogezwa tena, sasa hivi unasoma Januari 2028. Alafu Agosti 2025 Trump akasaini amri ya kuharakisha leseni zaidi. Kwa hiyo pendulumu inaenda na kurudi, na wewe mwenye setilaiti ndogo upo chini yake unaangalia juu.

Ila kwako wewe FAA sio tatizo kubwa, hiyo inamhusu mwenye roketi. Wewe wako ni FCC, tume yao ya mawasiliano, kwa masafa ya redio, na NOAA, idara yao ya bahari na hali ya hewa, kama una kamera inayoangalia dunia. Na hapa lazima nisimulie Swarm.

Swarm Technologies walitengeneza setilaiti za sentimita 10 kwa 10 kwa 2.8. Chukua kitabu cha shuleni kisicho kinene, kikate nusu, ndo hiyo. Wakaomba FCC, FCC ikakataa Desemba 2017, sababu kwamba vitu ni vidogo mno rada haitaweza kuvifuatilia vizuri. Jamaa walikuwa tayari wana nafasi kwenye roketi ya PSLV ya India. Tarehe 12 Januari 2018 roketi ikaondoka na setilaiti nne zikiwa ndani, bila kibali. India haikuwa na kosa, ilipokea mzigo kama mizigo mingine. Mwisho wa mwaka Swarm wakalipa dola 900,000. Yaani kampuni changa, vidude vinne vya kukaa kiganjani, faini karibu milioni. Na FCC haifanyi hayo kwa wadogo tu, 2023 iliitoza kampuni ya televisheni ya Dish dola 150,000 kwa kuiacha setilaiti ya EchoStar-7 chini ya pale walipoahidi kuipeleka kuizika.

NOAA nayo ina vituko vyake. Machi 2018 SpaceX walikuwa wanarusha setilaiti za Iridium kutoka Vandenberg, matangazo ya moja kwa moja yakakatwa roketi ikiwa bado angani, kisa kamera iliyopo kwenye roketi inaona dunia na hiyo ni "kupiga picha za dunia kutoka angani" na inahitaji leseni. Kamera ya kuonyesha watu roketi! Mwaka 2020 wakalegeza kanuni, siku hizi kama picha zako ni za kiwango ambacho tayari kinauzwa na wengine, mambo ni mepesi zaidi.

Faida zake usizidharau. FCC mwaka 2019 iliweka njia ya mkato ya setilaiti ndogo, ada ikawa dola 30,000 wakati ile njia ya kawaida ilikuwa inakaribia nusu milioni (ada zinabadilika, angalia jedwali la mwaka husika usinishike shati mimi). Na kwa wenye roketi, tangu 1988 kuna mpango mzuri sana wa bima: kampuni inabeba bima ya madai ya watu wengine mpaka dola milioni 500 kwa juu kabisa, ikizidi hapo serikali inaweza kuingilia kulipa mpaka kiwango cha zaidi ya bilioni moja na nusu. Haijawahi kutumika hata mara moja lakini mwekezaji akiisikia analala.

Kinachowaumiza watu wetu ni kitu kingine: ITAR, sheria za kudhibiti teknolojia za kijeshi. Ukiwa kampuni ya Marekani, injinia wako aliyeko Kisumu asiye na uraia wala green card anaweza asiruhusiwe kuona michoro fulani ya chombo alichokichora mwenyewe. Sio kila kifaa kinaguswa, vingi vimehamishiwa kwenye orodha nyepesi ya wizara ya biashara, ila utamlipa wakili akwambie kipi kiko wapi. Dada yangu mwenye timu ya watu saba, sita kati yao wana pasi za Kenya, hapa tu ndo tungeweza kufunga mjadala.

NEW ZEALAND

Hapa nao kichwa kimoja kofia mbili, ila kijiji ni kidogo. Shirika lao la anga lilianza 2016 na liko ndani ya wizara ya biashara na ubunifu, yaani mlezi ndo mwenye nyumba, mkaguzi amepewa chumba. Na lilizaliwa kwa sababu ya kampuni moja, Rocket Lab ya Peter Beck, iliyotaka kurusha kutoka peninsula ya Mahia, sehemu ya mashamba na kondoo. Mambo yalikwenda mbio kiasi kwamba roketi ya kwanza ya Electron iliondoka tarehe 25 Mei 2017 na sheria yenyewe ya anga ilianza kufanya kazi Desemba mwaka ule. Katikati hapo walikuwa wanaenda kwa mkataba kati ya serikali na kampuni, pamoja na leseni ya FAA, kwa kuwa Rocket Lab ni kampuni ya Marekani pia.

Hiyo safari ya kwanza inafundisha kitu. Roketi ilikuwa nzima, ilifika angani, lakini chombo cha mkandarasi cha ardhini cha kupokea data kilikuwa hakijawekwa seti moja ya kusahihisha makosa ya mawimbi, data zikapotea, afisa usalama hakuwa na jinsi, haoni roketi iko wapi, akaikata. Roketi nzima imeuawa kwa tiki moja iliyosahaulika kwenye programu. Nimeipenda hiyo hadithi kwa sababu inaonyesha mkaguzi anaweza kukaa nyumba moja na mlezi na bado akakata, mradi utaratibu umeandikwa kabla na anayebonyeza hamwogopi mtu.

Ukirusha kutoka kule setilaiti yako lazima ipate kibali cha mzigo, na anayeamua ni waziri. Hapo ndo tofauti. Baraza la mawaziri 2019 liliandika wazi mizigo wasiyoitaka, kwa mfano inayochangia mipango ya silaha za nyuklia au inayokusudiwa kuharibu vyombo vya wengine angani. Kamera ya mashamba haina shida hapo. Kinachonipa wasiwasi kidogo ni kwamba ukishakuwa na waziri anayesaini kila mzigo, siasa ikibadilika nawe umebadilika. Ila wanajibu imeili. Nilishawaandikia swali la kijinga kuhusu fomu, wakajibu kama binadamu, sijui kama kuna ofisi nyingine duniani ya namna hii inayofanya hivyo.

Kama una pesa ya kununua safari ya Electron peke yako, ni sawa. Kusajili kampuni kule bila kuwa na mteja wala mtu kule, sioni faida.

UINGEREZA

Hawa walikuwa na kichwa kimoja wakaamua kugawa. Sheria yao ya kwanza ni ya 1986, shirika la anga la UK Space Agency likawa linatoa leseni na pia linatoa ruzuku na kupiga debe. Ikaja sheria mpya 2018 ya kuruhusu kurusha kutoka ardhi ya Uingereza, na kuanzia Julai 2021 leseni zikapelekwa CAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Mlezi abaki na pesa, mkaguzi abaki na mhuri. Kwenye karatasi huu ndo mpangilio safi kuliko yote.

Sasa uone ulivyopokelewa. Virgin Orbit walitaka kurusha kutoka uwanja wa ndege wa Newquay, Cornwall, ndege ya 747 inabeba roketi chini ya bawa. Mipango ilikuwa 2022 katikati, leseni ya kituo ikatoka Novemba, ya urushaji ikatoka siku chache kabla ya Krismasi, na usiku wa tarehe 9 Januari 2023 wakaruka. Watu wamejaa uwanjani usiku wa baridi, wanapiga kelele ndege ikipaa. Roketi ikaachiwa, hatua ya kwanza safi, hatua ya pili kichujio cha mafuta kikabanduka, kwisha. Setilaiti tisa zimepotea. Mojawapo ni AMAN, setilaiti ya kwanza ya Oman. Nina ndugu Maskati, nakumbuka alivyokaa macho kusubiri, asubuhi yake akaniandikia neno moja tu, "imezama". Bosi wa Virgin Orbit akaja kusema kifaa chenyewe ni cha kama dola 100. Aprili kampuni ikafilisika.

Wabunge na watu wa kampuni wakaanza kumlaumu CAA kwamba kachelewesha. Lakini kichujio hakikubandulika kwa sababu ya leseni kuchelewa. Ukweli ni kwamba mkaguzi akitengwa na mlezi, mlezi naye anageuka mlalamikaji, kila kitu kikichelewa anamnyooshea kidole jirani. Hiyo ndo bei ya mpangilio safi, na mimi bado nauona ni bora, maana unajua barua hii inaenda kwa nani na ile kwa nani. Mnamo Agosti 2025 serikali ikatangaza shirika la anga litaingizwa ndani ya wizara ya sayansi, upande wa mlezi huo, leseni zinabaki CAA.

Kitu cha kuangalia Uingereza ni kikomo cha dhima. Kwa safari za kawaida wamekuwa wakiweka kikomo cha euro milioni 60 kwa yale unayotakiwa kuilipa serikali ikidaiwa na nchi nyingine. Kwa kampuni ya watu saba milioni 60 ni sawa na kusema bilioni, hamna zote, lakini kwa bima na kwa mwekezaji kuwa na namba ni tofauti kabisa na kutokuwa na namba. Muulize mtu wa bima yeyote.

INDIA

India nitapita haraka kidogo ingawa wanastahili zaidi. Mpaka 2020 kila kitu kilikuwa ISRO, shirika la anga la serikali, anayetengeneza, anayerusha, anayeruhusu. Juni 2020 wakaunda IN-SPACe, makao yake Ahmedabad, na jina lenyewe refu maana yake ni kituo cha kukuza na kuidhinisha, yaani hawakuficha, kofia zote mbili zimeandikwa mlangoni. Dirisha moja, unaingia na ombi lako hapo hapo. Novemba 2022 Skyroot wakarusha roketi ya kwanza ya kampuni binafsi, Vikram-S. Mwaka 2024 wakafungua milango kwa mtaji wa nje, mpaka asilimia 100 kwenye vipuri, 74 kwenye setilaiti na 49 kwenye roketi bila kupitia kibali cha serikali.

Kinachokosekana ni sheria ya Bunge. Kuna sera ya 2023 na kanuni za IN-SPACe, rasimu ya sheria ya 2017 haikufika popote. Sera inabadilishwa kwa waraka. Ukiwa Mhindi mwenye mtandao wako kule utakwenda vizuri, ukiwa mgeni wa setilaiti moja, nunua safari ya roketi yao, usihamie.

Luxembourg nayo mtu ataniuliza. Wana sheria ya 2017 ya kumiliki madini ya angani, wana shirika la anga tangu 2018, na serikali yenyewe inatia mtaji. Iliweka euro milioni 12 kwa Planetary Resources, kampuni ya kuchimba vimondo, kampuni ikauzwa kwa watu wa blokucheni na pesa zikayeyuka. Kama una wazo kubwa la kutafuta mlezi mwenye mfuko, nenda. Kamera ya mashamba, hapana.

BENDERA YA KUKODI

Kuna jamaa wanashauri utafute nchi isiyo na masharti usajili hapo. Sisi watu wa Pwani hii tunaifahamu, si ndo yale ya meli. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zinapepea bendera ya Tanzania kupitia sajili ya Zanzibar, serikali ikapata aibu ya dunia nzima na kuanza kuzifuta. Angani nako kumeanza. 2021 Rwanda ilipeleka ITU, umoja wa mawasiliano kule Geneva, maombi ya masafa ya setilaiti zaidi ya 320,000. Laki tatu na ushee! Wakati nchi yenyewe ilikuwa na RWASAT-1 tu, ya boksi tatu. Nyuma ya maombi kulikuwa na mradi wa E-Space wa Greg Wyler, mfanyabiashara wa Marekani. Kisheria hakuna kosa, na Rwanda imejenga shirika lake la anga kwa sheria ya mwaka huo huo, siwacheki. Ila wewe mdogo ukipanda kwenye bendera ambayo haina watu wa kukutetea Geneva siku jirani akikuingilia mawimbi, utalia peke yako.

KENYA

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana kama saa tisa, watu wa kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni wakasikia mshindo, kwenda kuangalia wanakuta pete ya chuma imelala vichakani, bado ya moto, kipenyo mita mbili na nusu, kilo kama 500. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Shirika la anga la Kenya, KSA, likafika, likachukua, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mitandaoni ikaanza kuwa ni ya India, kwamba Kenya inadai mabilioni, shirika likakanusha.

Nimelileta hilo kwa sababu linaonyesha KSA wako kwenye upande gani wa meza. Wenzetu wote hapo juu wanafikiria chombo chao kitaangukia nani. Sisi tumeanza kwa kuangukiwa.

KSA liliundwa 2017 kwa agizo, liko chini ya wizara ya ulinzi, na kazi zake kwa mujibu wa agizo ni kukuza, kuratibu na kusimamia. Zote tatu. Halijasimama juu ya sheria kamili ya Bunge kama CAA ya Uingereza ilivyosimama juu ya ile ya 2018, kwa hiyo kikomo cha dhima kama kile cha milioni 60 usikitafute. Masafa unaenda Mamlaka ya Mawasiliano, CA, nao ndo wanapeleka makaratasi Geneva kwa niaba yako. Na tuna pahali pa kurushia ambapo hatujawahi kupatumia wenyewe, kituo cha Waitaliano cha Malindi, Luigi Broglio, na yale majukwaa ya San Marco baharini. Kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kutazama miali ya eksirei na ikapewa jina Uhuru. Wazee wa Ngomeni bado wanaisimulia.

Faida ya kubaki nyumbani ni njia iliyokanyagwa. Taifa-1, boksi tatu vile vile, ilirushwa 15 Aprili 2023 kwa Falcon 9 kutoka Vandenberg baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Ilitengenezwa na SayariLabs na EnduroSat ya Bulgaria. Maana yake kuna watu KSA na CA waliokwisha kupitisha faili kama lako mwanzo mpaka mwisho, wanajua barua inayofuata ni ipi. Na kumbuka ukipanda Falcon 9 mzigo wako unapitiwa na FAA hata hivyo, kwa hiyo jicho la mkaguzi mkali unalipata bila kuhamia kwake wala kuingia kwenye ITAR na kampuni nzima.

Ubaya wake: mlezi, mratibu na mkaguzi ni mtu mmoja na bosi wake ni jeshi. Siku setilaiti yako ikipiga picha ambayo mtu mkubwa hataki, utamwomba nani? Sisemi itatokea. Nasema mkataba wako na mteja wa nje uandikwe ukijua hilo.

MIMI NIMEMSHAURI NINI

Setilaiti moja, mteja wa ndani au wa kanda, timu ya hapa: baki Nairobi. Kama mteja wa kwanza mwenye kulipa ni wa Marekani na mwekezaji ameng'ang'ania, fungua ya Delaware ya kuuza data, setilaiti na michoro vibaki kwenye kampuni ya Kenya, na wakili wa huko akwambie kwanza kama FCC itataka uombe ruhusa ya kuhudumia soko lake, usije ukawa Swarm wa pili. Kama mpango ni setilaiti ishirini na mkopo wa benki, hapo Uingereza, kwa sababu ya ile namba ya dhima na kwa sababu benki itataka kuona leseni iliyotolewa na mtu asiyekuwa mlezi wako. New Zealand na India nunua tiketi, usihamie.

Alafu kuna kitu kimoja hakuna nchi itakayokuokoa nacho. Mradi wetu wa chuo ulikuwa unatumia masafa ya redio za ridhaa, yale ya wapenzi wa redio, bure, barua moja unamaliza. Kampuni ya biashara hairuhusiwi kuyagusa. Timu nyingi zinahama kutoka chuo kwenda biashara na redio ile ile ndani ya boksi, wanagundua wakiwa wameshafaulu mtihani wa mtikisiko. Sisi yetu tulilipa malipo ya awali ya nafasi kwenye roketi tukiwa hatujamaliza masafa, barua ikakaa kwenye meza ya ofisi moja miezi mitano chini ya kikombe cha chai, roketi ikaondoka bila sisi na pesa haikurudi yote.

Kwa hiyo nilimwambia dada, kabla ya Delaware, kabla ya London, Jumatatu asubuhi nenda CA Waiyaki Way ukiwa na jedwali la masafa lililochapwa, ulizia nani anashika mafaili ya setilaiti, usiondoke bila jina na namba ya faili. Akaniuliza, "Na nikiambiwa nije kesho?" Nikamwambia beba chakula.